Redio, mkongo au mnara wa kukodi: namna ya kuunganisha kampasi pwani ya Lindi

Mei 2024 mikoa ya kusini ilipata mapigo mawili ndani ya siku nane. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilifika pwani, mvua zikamiminika, na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatwa na maji eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikazorota nchini na kwa majirani. Ni rahisi kuyajumlisha matukio hayo na kuhitimisha kwamba taasisi za Lindi zijitegemee: zisimike madishi yao na kuunganishana kwa mawimbi, bila kusubiri mtu.

Swali lina uzito kwa sababu Lindi imeanza kuwa mkoa wa vyuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepewa nafasi ya kujenga kampasi Ngongo, nje kidogo ya mji wa Lindi, kupitia mradi wa HEET unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Chuo Kikuu Huria kina kituo mkoani, VETA ipo, na Hospitali ya Sokoine inahudumia mkoa mzima. Kilwa Masoko inajengwa bandari ya uvuvi itakayohitaji mafunzo na takwimu. Taasisi hizi zitataka kuzungumza kwa mtandao. Zikikosea sasa jinsi ya kuunganishwa, zitalipia kosa hilo kwa miaka mingi.

Mambo matatu yanayochanganywa

Katika mazungumzo ya wazazi, walimu na hata wajumbe wa bodi, mambo matatu huwekwa kapu moja. La kwanza ni kiungo kati ya kampasi na kampasi: redio mbili, kila moja na dishi lake, zinazotazamana na kupitisha data za taasisi. La pili ni intaneti yenyewe, inayoingia nchini kwa mikongo ya baharini na kusambazwa mikoani kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulio chini ya TTCL. La tatu ni Wi-Fi ya ukumbini, ile anayoikamata mwanafunzi kwenye simu yake.

Kiungo cha redio hakizalishi intaneti. Kinabeba kile kilichopo upande mmoja kwenda upande wa pili. Ndiyo maana mapigo mawili ya Mei 2024 yana mafunzo tofauti kabisa. Barabara ikikatwa na maji, mkongo uliofukiwa kando yake uko hatarini pamoja nayo, na hapo njia ya pili ya angani ina thamani kubwa. Mikongo ya baharini ikikatika, dishi la Lindi haliwezi kusaidia lolote kuhusu tovuti iliyo Ulaya. Kinachosaidia siku hiyo ni kuwa na maktaba, mfumo wa matokeo na masomo kwenye seva iliyo ndani ya kampasi au ndani ya nchi. Chuo chenye kiungo kizuri lakini chenye kila kitu ng'ambo kitasimama sawa na kile kisicho na kiungo.

Umbali, minazi na umbo la dunia

Kila muuza vifaa huandika kwenye kasha idadi ya kilomita ambazo redio yake inafika. Namba hiyo hupatikana mahali pasipo mti, pasipo mwingiliano, na antena zikiwa juu sana. Pwani ya Kilwa si mahali hapo.

Antena mbili lazima zionane, na kuonana kwa macho pekee hakutoshi. Mawimbi hayapiti kama uzi. Huhitaji nafasi wazi kuzunguka mstari wa kuonana, nafasi inayonenepa katikati ya safari. Dunia nayo imebinuka, na katikati ya njia ndefu mgongo wake hupanda hadi ndani ya nafasi hiyo. Chukua Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, kilomita 22 hivi kwa mstari ulionyooka. Kwa masafa ya gigahezi 5.8, mgongo wa dunia katikati ya njia hiyo ni kama mita 7, na nafasi wazi inayotakiwa juu yake ni kama mita 10. Hapo mawimbi yanahitaji mita 17 kabla hujahesabu mnazi hata mmoja, na minazi ya Kilwa hupita mita 20. Asiye na kilima atahitaji minara ya mita 35 hadi 40 pande zote mbili.

Kutoka Kivinje hadi kisiwa cha Songo Songo ni kama kilomita 27, juu ya bahari tupu. Huko hakuna mnazi katikati, lakini mgongo wa dunia ni kama mita 11 na nafasi wazi kama mita 11 nyingine. Ukiongeza maji yaliyojaa na mawimbi ya bahari, antena zisizofika mita 25 hivi kila upande zitakuwa zinabahatisha.

Sasa Lindi mjini na Kilwa Masoko, takribani kilomita 120. Mgongo wa dunia katikati ni zaidi ya mita 210. Mnara wa namna hiyo haujengwi na chuo. Wapo wanaotaja Venezuela, ambako Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha kilomita 279 mwaka 2006 na kilomita 382 mwaka 2007 kwa vifaa vya Wi-Fi vya bei nafuu. Ni kweli, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini upande mmoja wa kiungo hicho ulikuwa kwenye milima ya Andes. Lindi ina Rondo, uwanda unaozidi mita 800, magharibi ya mji. Rondo inaweza kuangalia Lindi vizuri. Kilwa iko mbali nayo zaidi ya kilomita 130, na vilima vya katikati vinaziba. Ili kufika Kilwa kwa redio ungehitaji vituo vya kupokezana, na kila kituo ni umeme wake, mlinzi wake, na barabara ya kukifikia wakati wa mvua.

Bahari inavyoharibu mawimbi

Jambo hili hutajwa mara chache katika michoro ya miradi, na kwa pwani yetu ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote. Sehemu ya mawimbi huenda moja kwa moja hadi antena ya pili. Sehemu nyingine hupiga juu ya maji, ikaruka, ikafika ikiwa imechelewa kidogo. Wimbi la gigahezi 5.8 lina urefu wa sentimita 5 hivi. Njia ya maji ikizidi ile ya moja kwa moja kwa kiasi fulani, mawimbi hayo mawili huongezana. Tofauti ikibadilika kwa sentimita mbili na nusu tu, hufutana.

Na tofauti hiyo hubadilika kila siku, kwa sababu bahari hupanda na kushuka. Wakati wa bamvua maji ya Kilwa na Lindi hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Kiungo kilichopimwa na kukubaliwa maji yakiwa yamekupwa kinaweza kuzorota maji yakijaa, mafundi wakiwa wamekwisha kuondoka na hati ya makabidhiano imesainiwa. Wakati wa maji mafu hali hutulia, kisha bamvua linalofuata matatizo yanarudi.

Fundi anayejua bahari ataitambua hitilafu hii kwa saa. Kujaa na kupwa husogea mbele kwa takribani dakika 50 kila siku. Mtandao ukikata saa nne leo, karibu saa tano kesho na karibu saa sita keshokutwa, tatizo ni maji. Ukizorota saa ileile kila siku, tatizo ni wingi wa watumiaji, au umeme, au redio ya jirani inayowashwa saa hizo. Kuandika kumbukumbu ya nguvu ya mawimbi kwa mwezi mmoja, pembeni yake ukaweka jedwali la maji, ni kazi isiyo na gharama, na inaokoa fedha zinazotupwa kwa kubadilisha vifaa vizima.

Dawa zipo. Unaweza kuweka antena mbili kwa urefu tofauti kwenye mnara mmoja, ili moja ikifutwa nyingine ipokee. Unaweza kushusha antena ya upande mmoja nyuma ya ukingo wa pwani, ili ule mruko wa majini uzibwe huku njia ya moja kwa moja ikibaki wazi. Zote mbili huamuliwa kabla ya kujenga.

Hoja ya wanaotaka redio zao wenyewe

Nguvu ya hoja yao ni uhuru na kasi. Redio mbili hufungwa ndani ya siku chache, hakuna mtaro wa kuchimba, hakuna bili ya kila mwezi kwa kiungo chenyewe. Taasisi mbili zinaweza kugawana intaneti moja badala ya kila moja kununua yake. Mvua haiisumbui sana redio ya gigahezi 5.8, inayoteseka na mvua ni ile ya masafa ya juu, na kadiri unavyopanda, ndivyo manyunyu yanavyoinyang'anya kilomita. Kaskazini mwa Uganda, kuanzia 2007, mradi wa BOSCO uliunganisha maeneo ya Gulu kwa redio za masafa marefu na umeme wa jua, mahali ambapo hakuna kampuni iliyokuwa tayari kufika.

Udhaifu wao uko kwenye masafa. Masafa yasiyohitaji leseni ni ya kila mtu, ikiwemo duka la intaneti litakalofunguliwa mwakani mtaa wa pili likiwa na redio ileile. Hutakuwa na pa kulalamika. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaipa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, usimamizi wa masafa yote, na hata yale ya wazi yana kikomo cha nguvu na sharti la kutumia vifaa vilivyoidhinishwa. Anayepandisha nguvu kupita kiwango ili afike mbali anavunja sheria, na anaharibu pia kwa jirani. Masafa ya leseni hulipiwa kila mwaka, lakini yanalindwa. Kwa kiungo kinachobeba mitihani au picha za eksirei, ada hiyo ni halali yake.

Kuna pia suala la kasi. Namba iliyo kwenye kasha hujumlisha kwenda na kurudi, pamoja na taarifa za redio zenyewe. Anayeona megabiti 300 apange matumizi yake kwa nusu ya hapo, na kwa njia ndefu chini zaidi. Wi-Fi ya kawaida nayo ilibuniwa kwa vyumba: redio husubiri jibu kwa muda mfupi sana, na kwa kilomita 22 jibu huchelewa kwa maikrosekunde karibu 150, kwa hiyo redio hudhani ujumbe umepotea na kuutuma tena. Redio zilizotengenezwa kwa masafa marefu hugawa zamu kwa ratiba badala ya kubahatisha. Tofauti ya bei si kubwa. Tofauti ya kazi ni kubwa.

Hoja ya mkongo

Mkongo hauna ubishi kwa uwezo. Nyuzi chache hubeba kile ambacho redio za mkoa mzima haziwezi kubeba, haziathiriwi na maji kujaa, na hakuna jirani wa kuziingilia. Vyuo vinaweza kununua uwezo kwa pamoja kupitia TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania, na hivyo kupata bei ambayo chuo kimoja cha wilayani hakiwezi kuipata peke yake.

Udhaifu wake ni ule ulioonekana Somanga. Mkongo hufuata barabara, na barabara ya kwenda kusini hupita mabonde ya mito mikubwa. Greda la ukarabati huweza kuukata kama yanavyoukata mafuriko. Halafu kuna kile kipande cha mwisho: mkongo unaweza kupita barabara kuu, na shule iliyo kilomita 6 ndani isifaidike kwa sababu hakuna aliyelipia kuchimba. Kwa visiwa hali ni ngumu zaidi. Kulaza waya baharini kwa ajili ya shule moja na zahanati hakuna atakayekubali kukugharimia.

Hoja ya kukodi

Kundi la tatu linasema chuo kifundishe na kampuni za simu ziendeshe mitandao. Kuna busara ndani yake. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na minara iliyopo inaweza kukodishwa nafasi ya kufunga antena. Kenya ina intaneti ya setilaiti ya Starlink tangu Julai 2023, na setilaiti za namna hiyo zimeonyesha kwamba kasi nzuri inaweza kufika pasipo na mnara. Kwa Tanzania, huduma yoyote ya aina hiyo inahitaji leseni ya TCRA, na taasisi ya umma haina sababu ya kuingia kwa mlango wa nyuma.

Tatizo ni bili. Bando ya simu haikutengenezwa kwa darasa la watu 200 wanaofungua video moja. Na data kati ya kampasi mbili zilizo jirani itakwenda hadi Dar es Salaam na kurudi, ikilipiwa njia nzima. Kuhusu kukodi nafasi kwenye mnara wa mtu, hapo sina kipingamizi: mara nyingi ndiyo njia nafuu kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Daraja au ruta

Wengi huziacha redio zifanye kazi kama daraja tupu, kampasi mbili zikawa mtandao mmoja mpana. Inaonekana rahisi: kompyuta zinaonana, printa inaonekana, hakuna cha kupanga. Lakini kila ujumbe unaotangazwa kwa kompyuta zote huvuka kiungo, hata kama hauhusiki ng'ambo. Mwanafunzi mmoja Ngongo akichomeka ruta ya dukani kinyume, itaanza kugawa anwani zisizo sahihi, na watu wa kampasi ya pili watapoteza mtandao bila kujua kosa limetokea wapi. Waya mmoja ukirudishwa kwenye swichi ileile kwa bahati mbaya, tangazo litazunguka bila kikomo na kukijaza kiungo chote.

Redio ziachwe zipitishe data tu, lakini kila upande wa kiungo uwe na ruta, kila kampasi na anwani zake. Kosa la Ngongo libaki Ngongo. Hili halihitaji fedha nyingi, linahitaji mtu aliyekaa na karatasi kabla ya kufunga kifaa cha kwanza.

Gharama isiyoonekana kwenye ankara

Redio ndicho kitu cha bei ndogo katika mradi wote. Mnara wa mita 30 hugharimu mara nyingi zaidi ya redio zake mbili. Mnara mrefu karibu na kiwanja cha ndege huhitaji idhini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Kilwa Masoko kiwanja kiko mjini. Kinga ya radi na waya wa kuzamisha umeme ardhini ni lazima. Betri na paneli za jua ni lazima pia, kwa sababu umeme wa kusini hukatika, na kiungo kinachozimika pamoja na taa hakina faida kwa hospitali.

Kisha chumvi. Bolti ya chuma cha kawaida iliyofungwa pwani huanza kushika kutu mapema. Bolti ikilegea, dishi husogea nyuzi moja au mbili kusi linapovuma, na kwa kilomita 27 nyuzi mbili zinamaanisha mawimbi yanapiga karibu kilomita moja pembeni ya kisiwa. Watu husema redio imekufa, na redio haina ubaya wowote. Vifungio vya chuma kisichoshika kutu, nyaya za kushikilia mlingoti zinazokazwa kila mwaka, na maungio ya waya yaliyozibwa vizuri ndiyo tofauti kati ya kiungo cha miaka saba na kiungo cha miezi saba. Upepo nao usidharauliwe: Hidaya haikuwa ya kwanza, kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952.

Kipi kiende wapi

Ndani ya mji wa Lindi, kati ya Ngongo na taasisi za mjini, mkongo uwe njia kuu na redio iwe akiba. Kitunda, ng'ambo ya ghuba, redio haina mpinzani: maji ni membamba na kuzunguka kwa nchi kavu ni mbali.

Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani, kilomita kama mbili, ni kiungo chepesi kuliko vyote. Nafasi wazi inayotakiwa katikati ni mita chache, bomba juu ya paa la shule linatosha. Na lisizidi hapo. Magofu ya Kisiwani yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, yaliwekwa katika orodha ya hatari 2004 na kutolewa 2014 baada ya kazi kubwa. Mnara jirani na Msikiti Mkuu au Husuni Kubwa ungekuwa kosa lisilo na udhuru, maana urefu unaohitajika unaweza kuwekwa wote upande wa Masoko.

Masoko na Kivinje, ikodiwe nafasi kwenye minara iliyopo, masafa yawe ya leseni, hasa ikiwa hospitali ya Kinyonga, iliyoko Kivinje, itakitegemea kiungo hicho. Songo Songo, redio ya masafa marefu yenye antena mbili kwa urefu tofauti, ikipimwa mwezi mzima wa mwandamo kabla ya kukabidhiwa.

Lindi na Kilwa, mkongo. Wanaopanga redio kwa kilomita 120 hizo wanatumia fedha za umma kushindana na umbo la dunia. Akiba ya njia hiyo itafutwe kwa kampuni ya simu au setilaiti iliyoidhinishwa, kwa huduma chache za lazima. Bunda na Serengeti, mkoani Mara, mradi wa ICT4RD wa COSTECH na washirika wake ulichukua mkondo huohuo: mkongo uliopo ukawa uti wa mgongo, redio zikafikia taasisi za pembeni.

Kwa wanaoandaa bajeti za kampasi hizi: msisaini ununuzi wa redio kabla ya kuwa na vipimo vya njia vilivyochukuliwa wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, barua ya TCRA ya masafa, na fungu la mshahara wa fundi anayeishi Lindi au Kilwa na anayeweza kupanda mnara. Kimoja kikikosekana kati ya hivyo vitatu, ununuzi uahirishwe.